Kipuri Kilichozamisha Manowari

Wageni wengi waingiao Ngome ya Yesu, kule Mombasa, huzistaajabia kuta, hupiga picha wakiipa bahari mgongo, kisha huipita mizinga bila kuitupia jicho la pili. Mimi nami ningeipita. Nilikuwa nimeandamana na wanafunzi wa shule moja ya Embu ambako nilifundisha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ambayo hadi leo hunialika katika ziara zake za somo la historia. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa natafuta kivuli. Mwanafunzi mmoja akanishika kwa swali.

“Mwalimu,” akasema, “hapa wanasema mzinga huu ulitoka katika meli ya Wajerumani. Ulifikaje nchi kavu? Na meli yenyewe ilizamishwa na nani?”

Nilimjibu kwa haraka kwamba ilizamishwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jibu hilo ndilo lililomo vitabuni, nalo lingetosha kumpatia mtahiniwa alama moja. Lakini usiku ule, basi letu lilipokuwa likipanda kutoka pwani kurudi Embu, usingizi ulinipaa. Nilijua kwamba nilikuwa nimemnyima mtoto ukweli. Ndiyo maana leo naomba ruhusa ya msomaji, hasa wewe mwalimu mwenzangu na wewe mwanafunzi, nilijibu swali lile upya. Jibu lenyewe linahusu shule zetu za Meru na Embu kuliko linavyoihusu bahari.

Mzinga ule ni wa manowari iliyoitwa Königsberg. Si mbali nao pana mzinga mwingine, wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Meli hizo mbili zilikutana alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 katika bandari ya Unguja. Pegasus ilikuwa imetia nanga pale si kwa kupenda, bali kwa sababu mitambo yake ilikuwa imechoka na ilihitaji matengenezo. Königsberg ikatokea kutoka baharini, ikafyatua mizinga yake kumi iliyopiga mbali kuliko ile ya Pegasus, na kwa muda usiozidi saa moja kazi ikawa imekwisha. Makumi ya mabaharia waliuawa au kujeruhiwa, na siku hiyohiyo Pegasus ikazama.

Yaelekea mshindi alistahili kushangilia. Kumbe naye alikuwa mgonjwa. Kiungo kimoja katika injini yake, kile kinachounganisha fimbo ya pistoni na mtambo unaozungusha rafadha, kilivunjika. Nahodha wake, Max Looff, hakuwa na kiungo cha akiba wala bandari ya kirafiki yenye kiwanda kikubwa. Ikambidi ajifiche katika delta ya mto Rufiji, katikati ya mikoko, huku vipande vya injini vikiburutwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vitengenezwe na kurudishwa kwa njia ileile. Wakati kazi hiyo ikiendelea, Waingereza waliisaka meli hiyo kila mahali. Tarehe 30 Oktoba 1914 wakaigundua, wakaiziba midomo ya mto. Kutoka siku hiyo Königsberg haikuiona tena bahari kuu. Julai 1915 meli mbili za Kiingereza ambazo hazikuhitaji kina kirefu cha maji, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikaishambulia, na tarehe 11 Julai mabaharia wake wenyewe wakailipua ili isitekwe.

Basi ilizamishwa na nani? Waingereza waliipiga, na Wajerumani wakaimaliza. Lakini kilichoifunga mtoni, ikawa kama simba aliyeingia zizini, ni kipande kimoja cha chuma kilichovunjika mahali ambapo hapakuwa na kingine kama hicho. Na Pegasus je? Nayo isingekutwa imelala bandarini kama mitambo yake ingekuwa mizima. Manowari mbili za mataifa mawili yenye nguvu ziliangamia, na kila moja ilikuwa imeanza kushindwa na kutu kabla ya kushindwa na adui. Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Mimi nathubutu kuongeza kwamba mara nyingi hakina vipuri.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo wanamaji hulijua na ambalo sisi walimu hatulifundishi. Mataifa hayajengi manowari moja moja ovyo. Huzijenga kwa jamii, yaani meli kadhaa kwa mchoro mmoja, na meli za jamii moja huitwa ndugu. Faida yake si urembo. Meli ikiharibika, kipuri cha nduguye kinaiingia. Fundi aliyejifunza injini moja amezijua zote. Na meli moja ikistaafu, hung'olewa viungo vyake ili wale waliobaki waendelee kuishi. Königsberg ilikuwa na ndugu watatu: Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Bahati mbaya ni kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa karibu na Afrika Mashariki. Udugu wa mbali haukuifaa kitu, kwani heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Udugu wa karibu hufanya maajabu. Msomaji anikubalie nimpeleke kidogo Uingereza. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 Waingereza walijenga manowari 12 za aina iitwayo destroya, meli nyembamba ziendazo kasi, zilizobuniwa ili kuwinda mashua za topido. Wengi wa hao ndugu kumi na wawili walipewa majina ya makabila na mataifa ya mbali, na miongoni mwao walikuwamo Zulu na Nubian. Mwishoni mwa mwaka wa 1916 Nubian ilipigwa topido ikapoteza omo yake, yaani sehemu ya mbele. Muda mfupi baadaye Zulu iligonga bomu lililotegwa baharini, ikapoteza tezi, yaani sehemu ya nyuma. Zikabaki nusu mbili za meli, moja haina kichwa, nyingine haina miguu.

Mtu wa kawaida angeziuza zote mbili kwa vyuma chakavu. Mafundi wa gudulia ya Chatham walizipima, wakaona kwamba upana wake ulitofautiana kwa inchi tatu na nusu tu, wakaziunganisha. Juni 1917 meli iliyozaliwa na muungano huo ikaingia kazini, na jina lake likaunganishwa pia: Zubian. Ilihudumu hadi vita vikaisha, ikauzwa mwaka wa 1919. Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, walinena wahenga. Sidhani kama walipata kuona tezi ya chombo kimoja ikifungwa kwenye omo ya kingine, lakini nadhani wangefurahi.

Hata jeshi letu la wanamaji limeijua hekima hiyo. KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizojengwa Uingereza katika miaka ya 1980, ni ndugu. Zilipozeeka zilipelekwa Italia pamoja zikatengenezwa, na mwaka wa 2011 zikarejea Mombasa. Lau zingekuwa za michoro miwili, gharama na taabu ingekuwa mara mbili.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu na sehemu ya kwanza ya swali lake: mzinga ulifikaje nchi kavu? Baada ya Königsberg kulipuliwa, mizinga yake yote kumi iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kutengenezewa vigari katika karakana. Mmoja ulisafirishwa hadi Ziwa Tanganyika ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen. Mingine ilitumika vitani porini, kutoka vita hivi hadi vile, na mwaka wa 1916 mmojawapo ulinguruma Kondoa. Meli ilikuwa imekufa, lakini vipuri vyake viliendelea kupigana kwa zaidi ya miaka miwili. Leo mmoja upo Mombasa, mmoja Jinja na mmoja Pretoria.

Lakini mzinga hautembei. Uliburutwa na watu. Mamia ya Waafrika walifungwa kamba, wakavuta chuma hicho kupita mito, matope na milima. Na upande wa pili wa vita, Waingereza nao walikuwa na wapagazi wao, waliokusanywa katika kikosi ambacho jina lake tumelibakiza katika mtaa wa Kariokor, Nairobi. Kutoka Meru na Embu vijana walichukuliwa, hasa mwaka wa 1917 msako ulipokuwa mkali kupita kiasi. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa na njaa.

Babu yangu mzaa baba, mtu wa Imenti, alikuwa mmoja wa waliochukuliwa na mmoja wa waliorudi. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza alibeba nini huko vitani. Alifikiri kwa muda, akasema, “Nilibeba chuma. Hakuna aliyeniambia ni cha nini.” Hakuongeza neno. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, pana sanamu ya ukumbusho iliyowekwa mwaka wa 1928, na maandishi yake huwafananisha wapagazi na miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa, lakini nimeisoma mara nyingi na kila mara hunichoma. Miguu na mikono ni viungo, na kiungo kikichakaa hutupwa kikatafutwa kingine. Babu yangu alifanywa kipuri. Hakufundishwa injini aliyoibebea chuma. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna aliyeihesabu: watu walioubeba mtambo mzima mabegani, kipande kwa kipande, wakarudi nyumbani bila kujua unavyofanya kazi.

Ipo picha nyingine, ya watu waliojua. Ile Graf von Götzen ilijengwa Ujerumani mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Julai 1916, Wajerumani walipolazimika kukimbia, mafundi walioiunganisha waliamriwa waizamishe. Waliitii amri, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali. Meli ikakaa chini ya maji kwa miaka. Ilipoopolewa mwaka wa 1924 injini zake zilikutwa zingali zafaa, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ikawabebea abiria na mizigo watu wa Kigoma na majirani zao kwa miongo mingi. Königsberg iligeuka kuwa vyuma chakavu mtoni. Tofauti ya meli hizi mbili ni mikebe michache ya grisi na watu walioijali mashine hata walipokuwa wakiizika.

Sasa nifike nyumbani. Katika stoo ya shule ile ya Embu imo mashine ya kukerezea vyuma, ile ambayo mafundi wetu huiita leithi. Katika stoo ya shule moja ya Meru, ambako nilianza kazi yangu nikiwa kijana, imo nyingine. Ni ndugu wa toka nitoke: kiwanda kimoja, mchoro mmoja, mfadhili mmoja, na zilifika katika lori moja. Siku ya kuzipokea tulikata utepe, tukaimba, tukala. Hakuna aliyeuliza vipuri vitapatikana wapi. Hakuna aliyeuliza nani atatufundisha kuzitunza. Ile ya Embu ilisagika meno ya gia katika mwaka wa tatu. Ile ya Meru iliungua mota umeme ulipopanda ghafla. Tangu siku hizo kuku wa mlinzi hutagia juu ya moja, na nyingine imefunikwa kwa magunia.

Fundi mmoja wa jua kali pale Makutano, Meru, alikubali kuzikagua zote mbili kwa nauli tu. Alizifungua, akajifuta mikono, akaniambia, “Mwalimu, hizi si mbili mbovu. Hii ni moja nzima iliyogawanywa.” Gia za Meru ni salama. Mota ya Embu ni salama. Msomaji ameshaelewa: tunayo Zulu, na tunayo Nubian.

Kwa nini basi hazijaunganishwa? Kwa sababu swali si la chuma tena. Ni nani atakayeipoteza yake ili mwenzake apate? Bodi ya Embu inapendelea kuuza yake kwa kilo, na ya Meru inasema haiwezi kutoa mali ya watu wa Meru ivuke mto Thuci. Nimesikia pia hoja tatu za busara, nami sitaki kuzidharau. Ya kwanza ni kwamba fedha za vyuma chakavu zitanunua madawati. Ya pili ni usalama wa watoto. Ya tatu ni kwamba sheria hairuhusu shule kugawa mali ya umma.

Nianze na ya tatu. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka wa 2015 inaruhusu, miongoni mwa njia zake, taasisi ya umma kuihamishia taasisi nyingine ya umma mali isiyoihitaji, kwa malipo au bila malipo, mradi utaratibu ufuatwe. Sheria haijatuzuia. Kuhusu usalama, mashine iliyotengenezwa na fundi, ikasimamiwa na mwalimu aliyefunzwa, si hatari kuliko jiko la maabara. Na kuhusu madawati, nakiri kwamba yanahitajika. Lakini dawati hununuliwa mara nyingi, na mashine kama hii haitarudi tena. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma chakavu, baada ya nyaya na nguzo za umeme kung'olewa na kuuzwa kwa kilo. Tuliwalaani wezi hao, na tulifanya vyema. Je, sisi tunaouza kwa kilo kile ambacho kingewafundisha watoto ufundi, tumewazidi nini isipokuwa risiti?

Nasema wazi, ingawa najua marafiki zangu wa Embu watanikasirikia: mashine moja iundwe, nayo ikae Meru. Mimi nimekula mshahara wa Embu kwa zaidi ya miaka ishirini, na wanangu wamezaliwa huko. Lakini shule ya Meru ina chumba chenye umeme wa kutosha na mwalimu anayeijua kazi hiyo. Wanafunzi wa Embu waende huko kila muhula kwa juma moja, kwa basi lao, kupitia Chuka na Nkubu. Zubian haikuulizwa kama ni Zulu zaidi au ni Nubian zaidi. Iliulizwa kama inaelea.

Na tujifunze kununua. Wale watu wa Embu wanaodhani kwamba kufikiria vipuri na siku za usoni ni anasa ya Wazungu, wateremke hadi Kindaruma, kwenye mto Tana. Bwawa hilo lilipoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1968 lilikuwa na mitambo miwili, lakini wajenzi waliacha mahali pa mtambo wa tatu. Nafasi hiyo ilisubiri zaidi ya miaka 40 kabla ya kujazwa. Anayejenga hivyo anafikiria watu ambao hajawaona. Shule ikipewa mashine leo, iulize mambo matatu kabla ya kukata utepe: ndugu zake wako wapi, vipuri vyake vinauzwa wapi, na ni nani hapa atakayefundishwa kuifungua na kuifunga. Mfadhili asiyeweza kujibu ashukuriwe kwa heshima, na aombwe arudi akiwa na majibu.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Babu yangu hakupewa kusana wala kuvukuta. Alipewa kubeba. Watoto wetu tukiwanyima mashine, kisha tukawapeleka Mombasa kutazama mizinga, tutakuwa tumewarithisha kazi ya babu.

Bodi zote mbili zitakutana muhula ujao. Sijui wataamua nini. Ila juma lililopita nilipita katika shule ile ya Embu, nikakuta mlango wa stoo u wazi. Yule mwanafunzi aliyenishika kwa swali kule ngomeni alikuwa ndani pamoja na wenzake wanne, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Walikuwa wamewaondoa kuku, wakaisugua leithi kwa mafuta ya taa, na sasa walikuwa wakiipaka grisi, meno yaliyosagika na yasiyosagika, kila mahali.

“Mwalimu,” akaniambia bila kuacha kazi, “hata wakiiuza, wataikuta safi.”

Nilivua koti, nikaomba kitambaa.